Kozi ya Saba

Daftari letu lilikuwa la kurasa mia mbili,
jalada jeusi, mgongo mwekundu,
na kwa miaka tisa lililala chini ya godoro langu, Mukuru,
likinuka mafuta ya taa na noti za hamsini.
Hamsini ya Moraa wa maandazi.
Hamsini ya Halake, bawabu,
aliyeileta alfajiri kabla hajavua koti.
Hamsini ya Awino, ambayo siku nyingine
ilifika ikiwa ishirini na ahadi.

Kasyoka hakukosa hata siku moja.
Ndiyo maana hesabu ilipopungua shilingi mia sita
yeye ndiye aliyesimama
akauliza, macho yake yakiwa mlangoni,
"Hivi, kitabu kinalala kwa nani?"

Kosa lilionekana kabla chai haijapoa:
moja yangu, niliyoiandika gizani, ilisomeka saba.
Watu wakacheka.
Mimi sikucheka.

Kisha shamba, Ruai.
Udongo mweusi unaong'ang'ania kiatu kama mdai.
Tukakopa, tukanunua mashine ya kufyatulia matofali,
na wenye magari wakaja kununua kwetu,
sisi tusio na hata ukuta wa kuegemea.
Faida yao ikawa mabati yetu.
Wiki nzima tukifyatua ya kuuza,
Jumamosi tukifyatua ya kukaa.

Nasambu, mwenyekiti, alikuwa na sharti moja:
asijue mtu nyumba yake ni ipi
mpaka ya mwisho iezekwe.
"Ukijua ni yako, utaipendelea.
Ukijua si yako, utailipua."
Basi nikabeba maji ya nyumba thelathini na mbili
nisijue nitaoga katika ipi.
Nikajikuta nasema "ukuta wangu"
kwa kuta zote, kama mwehu.

Isipokuwa alasiri moja ya Novemba.
Wingu limeinama upande wa Athi,
fundi kakimbilia turubai,
nami nikapanga kozi ya saba bila kuvuta uzi.
Jicho linatosha, nilijiambia.
Halikutosha.
Ukuta ukabenuka, upana wa kidole gumba.
Nikaona.
Nikapanga ya nane juu yake, nikanyamaza,
na mvua ikaja kunipa sababu.

Karatasi tuliziokota katika sufuria ya Moraa,
bado ina harufu ya iliki.
Mimi, namba nne.
Halake, ishirini; akaketi chini palepale, kofia usoni.
Kasyoka akakunjua yake taratibu,
akaisoma kwa sauti ya mtu anayelipa deni:
kumi na moja.

Nilijua kabla hajamaliza.

Juu ya kozi ya saba ametundika kalenda.
Ni ya mwaka juzi. Hajaiondoa.
Siku moja, nimekwenda kuomba chumvi,
akaishusha kupangusa vumbi,
akapitisha kiganja ukutani
kama mtu anayepapasa mbavu za ng'ombe sokoni.
"Aliyejenga hapa," akasema, "alikuwa na haraka."
"Ilikuwa inataka kunyesha," nikasema.
Akairudisha kalenda msumarini.
Akaenda kuleta chumvi,
akaleta na chai.

Hatukusema zaidi. Sijui kama tulisema chochote.
Mtoto wake mgonjwa hulala kwangu akienda zamu,
na mimi nikichelewa mjini
nakuta nguo zangu zimeanuliwa, zimekunjwa,
soksi zimepata wenzake.

Mkopo bado miaka sita.
Daftari sasa linalala kwake.
Nilimpendekeza mimi, na mikono ikainuka.
Jioni napeleka changu.
Anavaa miwani, analamba kidole, anafunua ukurasa,
anaandika moja ndefu, wima,
utadhani kaivutia uzi,
halafu ananigeuzia kitabu
nione.